Kijana akichagua kusomea mitindo, ujasiri wake autoe wapi?

Katikati ya kila mwaka Makutupora hupokea vijana wengi kwa mkupuo. Ni wahitimu wa kidato cha sita kutoka pande zote za nchi, wanaoripoti katika kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mafunzo ya mujibu wa sheria. Mchana ni mchakamchaka, kwata na kazi za mikono. Wakipata nafasi ya kukaa, mazungumzo yanarudi palepale: matokeo yakitoka, nani anaomba chuo gani na kozi gani.

Nje ya kambi, katika familia zinazolima zabibu na kufuga, wapo vijana wengine wenye swali hilohilo. Hao wamemaliza kidato cha nne na wanapimwa kati ya kidato cha tano, chuo cha kati na chuo cha ufundi. (Makutupora hii ni ya Dodoma, kaskazini mwa jiji katika barabara ya kwenda Kondoa na Arusha, yenye visima vinavyonywesha jiji na kituo cha utafiti wa zabibu. Ile inayotajwa kwenye reli ya SGR kutoka Morogoro iko Manyoni, mkoani Singida.)

Katika makundi yote mawili wamo ambao jibu wanalo tayari, ila wanashindwa kulitamka. Wanataka kusomea mitindo. Anayetaka uuguzi hulisema hata mbele ya wageni. Anayetaka ualimu vivyo hivyo. Anayetaka ubunifu wa mavazi huanza kwa kujitetea kabla hajashambuliwa: "Nataka mambo ya nguo, lakini na kompyuta nitasoma." Hiyo "lakini" inaigharimu familia kuliko inavyodhani, kwa sababu kijana asiyeweza kulisema chaguo lake nyumbani huishia kulificha, au kuliacha na kusoma kozi ya watu wengine kwa miaka mitatu huku roho haipo.

Mzazi anasikia nini?

Neno mitindo likitamkwa sebuleni, mzazi huona picha mbili. Ya kwanza ni jukwaa, taa na warembo wanaotembea kwa madaha, mambo ya Dar es Salaam ambayo hayajulikani yanalipwa na nani. Ya pili ni fundi cherehani wa barazani, aliyeahidi nguo ya Pasaka na kuitoa baada ya Pentekoste. Picha ya kwanza inatisha, ya pili inakatisha tamaa. Hakuna mzazi anayeuza zabibu za misimu miwili ili mtoto aende kupata mojawapo ya hizo.

Kwa mtoto wa kiume kuna la ziada, kwamba nguo ni mambo ya wanawake. Wanaolisema hilo mara nyingi wamevaa suti iliyoshonwa na mwanamume. Nenda baraza lolote la mafundi, Majengo au kwingineko mjini Dodoma, uhesabu waliokaa nyuma ya vyerehani. Kazi hii imekuwa mikononi mwa wanaume kwa miaka mingi na hakuna aliyeshangaa, hadi kijana alipotaka kwenda kuisomea.

Na kuna lile kubwa zaidi, kwamba ushonaji ni kimbilio la waliofeli. Fikra hiyo ina chanzo. Kwa muda mrefu vyuo vya ufundi vilionekana kama mahali pa kuwapokea walioachwa na mkondo wa darasa la saba au kidato cha nne, na cherehani ikatolewa kama zawadi ya pole kwa msichana aliyekatisha masomo. Lakini mambo yamesogea. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, toleo la mwaka 2023, imeweka mkondo wa amali ndani ya sekondari yenyewe, na utekelezaji ulianza mwaka 2024. Fani za mikono sasa zinasomwa kuanzia kidato cha kwanza na zina mtihani wake. Mzazi anayezungumza kana kwamba ufundi ni adhabu anazungumzia shule aliyosoma yeye.

Ajabu nyingine ni kwamba Ugogo, kuliko sehemu nyingi za nchi, unajua thamani ya kitambaa. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ililazimika kukatiza nyanda hizi kavu, na watemi wa Kigogo waliitoza hongo kabla ya kuiruhusu kupita na kuteka maji. Hongo hiyo ililipwa zaidi kwa nguo: merikani nyeupe iliyosafirishwa kutoka Marekani, kaniki, na vitambaa vya rangi vilivyochaguliwa kwa uangalifu, maana kila eneo lilikuwa na ladha yake na kitambaa kilichopitwa na wakati kilikataliwa. Wasafiri wa Kizungu kama Richard Burton, aliyepita mwaka 1857, na Henry Stanley mwaka 1871 waliandika malalamiko marefu kuhusu hongo za Ugogo. Kwa maneno mengine, babu zao vijana hawa walikuwa wakifuatilia mitindo, na waliilipisha misafara kwa hilo.

Kinachosomwa chuoni

Kabla ya kutafuta ujasiri, kijana ajue anachoutafutia. "Mitindo" ni neno pana, na kulitumia bila kulifafanua ndiko kunakoleta ugomvi.

Katika vyuo vya VETA fani hii huitwa ubunifu, ushonaji na teknolojia ya nguo. Mwanafunzi anajifunza kuchukua vipimo, kuchora patani, kukata, kushona kwa mashine mbalimbali na kumalizia nguo. Mafunzo yanakwenda kwa ngazi, ya kwanza hadi ya tatu, na mitihani ni ya vitendo zaidi kuliko ya kuandika. Dodoma kuna chuo cha VETA cha mkoa. Kwa miaka mingi ada ya vyuo vinavyomilikiwa na VETA yenyewe imetajwa kuwa Sh60,000 kwa mwanafunzi wa kutwa na Sh120,000 kwa wa bweni kwa mwaka, ingawa mzazi anapaswa kuuliza ya mwaka husika pamoja na gharama za vifaa, ambazo ndizo huwa zinawashtua watu. Vipo pia vyuo vya maendeleo ya wananchi, kama Chisalu kilichopo Mpwapwa na Munguri kilichopo Kondoa.

Aliyefika kidato cha sita ana mlango mwingine ambao familia nyingi hazijawahi kuusikia. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ndani ya Chuo cha Uhandisi na Teknolojia, kinatoa shahada ya sayansi katika ubunifu na teknolojia ya nguo, pamoja na ile ya uhandisi wa nguo. Huko mwanafunzi anasoma nyuzi zinavyotengenezwa, kwa nini pamba hunywea ikifuliwa na poliesta haifanyi hivyo, kwa nini rangi ya kitenge kimoja hutoka kwenye beseni na ya kingine ikabaki, na kiwanda kinavyopangwa ili nguo elfu moja ziwe na ukubwa uleule. Mzazi anayetaka kusikia neno "sayansi" ndani ya kozi, hili hapa.

Tanzania inalima pamba nyingi, hasa Kanda ya Ziwa, lakini sehemu kubwa huuzwa nje ikiwa nyuzi ghafi. Kiwanda cha Urafiki kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968 kwa msaada wa China, na vingine vilivyofuata Mwanza na Musoma, vilijengwa ili pamba hiyo ivaliwe hapa. Historia yake haikuwa nyepesi, na anayetaka kusomea fani hii aisome na upande huo wa kuanguka, asiishie kwenye picha za maonyesho.

Ujasiri una chanzo

Vijana huambiwa "jiamini" kama vile kujiamini ni swichi. Mwaka 1977 mwanasaikolojia Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, alichapisha makala ambayo imekuwa msingi wa somo hili. Alieleza kwamba imani ya mtu kuwa analiweza jambo fulani hujengwa na vitu vinne, na chenye nguvu kuliko vyote ni kuwahi kulifanya jambo hilo na likafaulu. Vingine ni kumwona mtu anayefanana naye akilifanya, maneno ya watu anaowaamini, na namna anavyoutafsiri mwili wake pale anapoogopa.

Ukiangalia mpangilio huo utaona kwa nini wengi wanaotaka mitindo hawana ujasiri. Wamejaza simu zao picha za nguo za watu wengine. Wana michoro kwenye daftari la fizikia. Lakini hawajawahi kuanza nguo moja na kuimaliza, ikavaliwa na mtu, akatoka nayo nje. Sifa za marafiki haziwezi kuziba pengo hilo, maana moyoni kijana anajua bado hajajaribiwa.

Dawa yake haihitaji chuo. Makutupora ina mafundi, na fundi mwenye kazi nyingi mwezi wa Desemba na Januari, wakati wa sikukuu na sare za shule, hakatai mikono ya bure. Kijana anayesubiri matokeo anaweza kukaa hapo wiki sita. Wiki ya kwanza atafagia na kushona vifungo. Ya pili atapewa pindo. Baadaye atakata sketi ya shule kwa patani iliyopo, ataiharibu, atalipia kitambaa, atakata nyingine. Sketi ya shule inaonekana kitu kidogo, ila ina marinda yanayopaswa kulingana, mkanda unaopaswa kulala sawa na zipu isiyojikunja. Aliyeimaliza sketi tano na zikaenda shuleni miguuni mwa watoto halisi anajua kuhusu nafsi yake jambo ambalo hakuna mjomba atakayelifuta kwa hotuba.

Wiki hizo pia hujibu swali la upande wa pili, ambalo watu hulikwepa. Wapo watakaogundua kuwa walipenda kuvaa na si kutengeneza. Wengine watagundua kuwa wanapenda kuuza, kupiga picha nguo au kupanga rangi, lakini kiti cha cherehani kinawachosha ndani ya saa moja. Hilo nalo ni jibu, na ni rahisi kulipata kwa fundi wa jirani kuliko kulipata katikati ya mwaka wa kwanza, ada ikiwa imeshalipwa.

Kuhusu kuona wanaofanana naye, majina hayakosekani. Asia Idarous Khamsin, mwenye Fabak Fashions na onyesho la Lady in Red, amefanya kazi hii tangu wakati ambapo wengi hawakuijua kama kazi. Anisa Mpungwe alisomea ubunifu Johannesburg na akaanzisha huko lebo ya Loin Cloth & Ashes. Mustafa Hassanali, aliyeanzisha Swahili Fashion Week mwaka 2008, alisomea udaktari wa binadamu kwanza.

Mfano huu wa mwisho ndio unaopendwa zaidi na wazazi, na ndio unaotumika vibaya zaidi. Huchomolewa ili kusema: "Ona, soma kwanza udaktari, nguo utafanya baadaye." Lakini mtu mmoja kuwa na nguvu ya kubeba vyote viwili si ratiba ya kila mtoto, na nafasi ya udaktari iliyokaliwa na asiyeitaka ni nafasi aliyonyimwa anayeitaka. Tena majina makubwa yana kasoro moja kwa kijana wa Makutupora: hayafanani naye. Mfano ulio karibu una nguvu zaidi. Mama wa Dodoma mwenye vyerehani vinne na zabuni ya sare za shule mbili, aliyeanzia kwenye chuo cha ufundi, anaweza asitokee gazetini, lakini nusu saa ya kukaa naye ina thamani kuliko video mia moja za mtandaoni.

Jambo la nne, la mwili, halizungumzwi sana na linastahili. Kijana akipanga kuzungumza na baba yake, moyo unamwenda mbio, tumbo linavuruga, sauti inakauka. Wengi hulichukua hilo kama ishara kwamba uamuzi ni mbaya. Ni homoni ya adrenalini inafanya kazi yake, ileile inayotoka mtu akiitwa mbele ya darasa. Haipimi ubora wa uamuzi. Ikiwa hali hiyo haiishi, usingizi unakosekana kwa wiki kadhaa, chakula hakishuki, au kijana anaanza kusema maisha hayana maana, hapo suala la kozi liwekwe kando kwanza na apelekwe kituo cha afya kuonana na mtaalamu. Kila msimu wa matokeo wapo wanaofikia huko, na nyumbani huitwa "deko".

Hesabu iwekwe mezani

Hofu ya mzazi kuhusu pesa ni ya kweli, na kijana anayeipuuza anajiondolea heshima. Soko la nguo lina mitumba, lina nguo za dukani kutoka China, lina wateja wanaolipa nusu na kupotea. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba ifikapo 2019. Marekani ikapinga, Rwanda ikashikilia msimamo na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza nguo huko chini ya mpango wa AGOA, wengine wakalegeza. Mitumba ipo, na itakuwapo siku kijana huyu atakapomaliza chuo.

Kuna nguo ambazo mitumba haiziwezi. Sare za shule, ambazo mahitaji yake yaliongezeka baada ya elimu bila ada kuanza mwaka 2016 na madarasa kufurika. Sare za kwaya, na Dodoma ni mkoa wa kwaya. Vitenge vya kamati za harusi, ambapo watu 30 wanahitaji nguo za kitambaa kimoja katika miili 30 tofauti. Tangu Serikali ihamie Dodoma na Mji wa Serikali kujengwa Mtumba, wapo pia watumishi wanaohitaji suti na magauni ya ofisini yanayowakaa, pamoja na marekebisho ya zile walizonunua zikiwa kubwa.

Hesabu ifanyike kwa nguo moja. Tuseme, kwa mfano tu, ufundi wa gauni la kitenge ni Sh30,000. Bitana Sh4,000, zipu Sh1,000, uzi Sh500, umeme Sh1,000, na sehemu ya kodi ya fremu Sh2,500. Jumla ni Sh9,000, inabaki Sh21,000. Gauni likichukua siku moja na nusu, fundi amejilipa Sh14,000 kwa siku. Sasa mteja alirudishe kwa sababu kifua kimebana, likae siku nzima nyingine mezani. Sh21,000 ileile imegawanywa kwa siku mbili na nusu, imekuwa Sh8,400 kwa siku. Tofauti hiyo ya Sh5,600 ndiyo inayojibu kwa nini mtu aende kusomea kitu ambacho "hata jirani anakijua". Patani sahihi na vipimo sahihi ni pesa. Kijana aweke bei za mtaani kwake badala ya hizi, kisha aipeleke karatasi hiyo nyumbani.

Ajue pia mtaji unatoka wapi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisitishwa Aprili 2023 na kurejeshwa mwaka 2024. Inatolewa kwa vikundi, kwa hiyo wenzake wa darasani chuoni ndio kikundi chake cha baadaye, na atazame mapema nani analipa madeni. Na kwa fundi aliyejifunzia barazani bila cheti, VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi: anapimwa kwa anachokiweza, mapungufu yanajazwa, anapewa cheti. Huenda ndani ya familia yupo mjomba au shangazi wa namna hiyo, na kijana akimpelekea taarifa hii atakuwa amejipatia mtetezi.

Nani apeleke neno kwa baba

Katika nyumba nyingi za nyanda hizi mtoto hamkabili baba yake moja kwa moja kwa jambo zito. Hupitia kwa mama, kwa shangazi au kwa baba mdogo. Wanasaikolojia wa vitabuni husema "zungumza na mzazi wako kwa uwazi", ushauri mzuri kwa nyumba nyingine. Hapa njia ya shangazi inafanya kazi vizuri na hakuna sababu ya kuidharau, ilimradi shangazi apewe vitu vya kushika mkononi: sketi moja iliyokamilika, karatasi ya hesabu, na jina la chuo pamoja na ada yake. Akienda na maneno matupu atajibiwa kwa maneno matupu.

Siku ya kuzungumza isiwe siku ya matokeo. Siku hiyo nyumba nzima ina joto, na matokeo yakiwa mabaya chaguo la mitindo litaonekana kama mahali pa kujificha, hata kama kijana alilipanga miaka miwili kabla. Wiki kadhaa kabla ya matokeo ni bora. Aliyesema mapema "nikipata daraja la kwanza bado nitachagua hili" amejitofautisha na anayekimbia.

Mzazi naye ana haki ya kuuliza maswali magumu, na kuuliza si kukataa. Umeshona nini? Kwa nani? Alilipa? Umeongea na nani aliyehitimu? Ukikosa nafasi VETA utafanya nini? Kijana atakayeyajibu matatu kati ya hayo bila kutazama chini yuko mbali kuliko wengi wanaokwenda kusoma sheria. Atakayeshindwa yote apewe miezi sita na fundi wa jirani, halafu kikao kirudiwe. Mkulima wa zabibu anajua mche unahitaji kushikiliwa kwenye waya kabla haujabeba chochote.

Neno kuhusu mwili wa fundi, kwa sababu halimo katika vipeperushi vya vyuo. Kazi hii hukaliwa. Shingo, mgongo wa chini na mabega ndivyo huanza kulalamika, na mara nyingi tatizo ni kiti kifupi na meza ndefu. Stuli ikipandishwa hadi viwiko vilale sawa na meza, na mtu akasimama kila nusu saa, mengi hupungua. Macho yanahitaji mwanga wa pembeni na kupumzishwa kwa kutazama mbali. Kijana anayeumwa kichwa kila akitunga sindano apimwe macho kabla hajalaumiwa kuwa mvivu. Pasi ya mkaa isiwashwe ndani ya fremu iliyofungwa, maana hewa ya kaboni monoksaidi haina harufu, na aliyelala humo na jiko linalowaka anaweza asiamke.

Linabaki suala la fomu, na hili ni la walioko kambini. Dirisha la maombi ya vyuo vikuu hufunguliwa baada ya matokeo ya kidato cha sita, mara nyingi Julai, wakati vijana wengi bado wako JKT na simu haziko mkononi kila saa. Matokeo yake, kaka, dada au mwenye duka la intaneti ndiye anayejaza. Kozi hubadilishwa hapo, wakati mwingine kwa nia njema kabisa: "Nimekuwekea biashara, hiyo ya nguo sikuielewa." Kwa hiyo kabla ya kuripoti, kijana aandike kwenye karatasi jina kamili la kozi, chuo na mpangilio wa machaguo yake, la kwanza hadi la mwisho, asome mwongozo wa TCU wa mwaka huo kuona kama masomo yake yanakubalika, amkabidhi atakayejaza mbele ya mama au shangazi, na nakala ya pili aingie nayo kambini.